Sura ya Tisa: Chujio la Masanze

Irine aliigeuza medali kiganjani, akairudisha juu ya meza ya Inspekta Letisia kama mteja anayekataa chenji chakavu.

"Hii si ya Jastin," alisema.

"Ilikuwa shingoni mwake."

"Basi wamembadilishia. Ya kwake ilikuwa nyeupe, fedha tupu. Mama alimpa siku ya kipaimara, na kila Jumamosi alikuwa anaisugua kwa majivu mpaka tunamcheka. Hii nyeusi siijui."

Letisia aliisogeza kwenye mwanga wa dirisha. "Soma hapa nyuma."

Irine aliinama. Nyuma ya Bikira Maria palikuwa na herufi J, imekwaruzwa kwa ncha ya msumari, imepinda mkia. Aliitazama, akajifuta macho kwa pindo la kanga.

Mwanamke huyu alikuwa amepigwa pande mbili. Jastin, fundi wa chujio aliyekutwa amekufa juzi mchana katika mtambo wa umeme wa Masanze, alikuwa kaka yake wa tumbo moja. Elikana, mwendeshaji aliyekuwa zamu mchana huo, ambaye sasa alikuwa mahabusu ya kituo hichohicho cha Kilosa, nyuma ya ukuta wa ofisi ya Letisia, kwa tuhuma za kumuua, alikuwa mumewe. Kesho asubuhi angefikishwa mahakamani, na kesi ya mauaji haina dhamana.

"Afande, sikuja kumwombea," Irine alisema. "Nataka kujua tu. Kama ni yeye, niambie nikamzike kaka yangu nirudi kwetu Lumuma. Kama si yeye, niambie nimletee chakula. Siku mbili hizi sijui hata nimlilie nani."

Tangu akamatwe, Elikana alikuwa na jibu moja kwa kila swali: sina la kusema. Mkuu wa upelelezi wa wilaya aliridhika kwamba huko ndiko kukiri kwenyewe. Letisia hakuridhika, lakini shaka peke yake huwezi kuipeleka kwa hakimu. Aliirudisha medali kwenye bahasha, akamwita Koplo Danieli awashe gari.

Njiani kuelekea Masanze walipishana na malori ya makaa ya mawe, yale yanayotoka nyanda za juu kusini, yanateremka mpaka Mikumi kisha yanakunja kuifuata njia ya Kilosa. Mashamba ya mahindi ya kando ya barabara yalikuwa yamepakwa vumbi jeusi. Danieli alifunga kioo.

"Afande, mimi nakwambia ukweli, huyu Elikana ni wetu," alisema. "Mtu asiye na hatia hupiga kelele."

"Wewe ukishikwa utapiga kelele?"

"Mpaka Morogoro watanisikia."

"Basi nitakukumbusha siku hiyo."

Kilichomtia shaka Letisia pale mtamboni ni kwamba kila mtu alijua la kusema. Mlinzi wa getini alisema, "Elikana alifungua koki ya pembeni kwa uzembe." Dereva wa kijiko, aliyekuwa akisukuma lundo la makaa, alisema vilevile, neno kwa neno. Mpishi naye, bila kuulizwa, akainua mwiko na kutamka kwamba Elikana alifungua koki ya pembeni kwa uzembe. Mpishi! Mtu ambaye koki pekee aliyowahi kuigusa ni ya bomba la jikoni.

"Nani kakufundisha hayo, mama?" Letisia alimuuliza.

"Meneja alitukusanya, akatueleza ilivyokuwa," mpishi alijibu kwa moyo mweupe kabisa.

Meneja Ashrafu aliwapokea ofisini kwake kwa ukarimu uliozidi kipimo: soda, karanga, feni ikageuzwa iwaelekee wageni. Alikuwa mwenyeji wa bondeni huko Kilosa, mtu wa biashara tangu ujana, mwenye suti ya kijivu na ulimi laini. Kidoleni alivaa pete kubwa ya fedha yenye kito chekundu. Kito kilimeta. Fedha yenyewe ilikuwa nyeusi tititi.

"Inspekta, huu mtambo ni mdogo, wa majaribio, lakini ni mwanzo wa mambo," alisema. "Makaa ya mawe ukiyachoma kwa njia ya kawaida unapata kama theluthi ya nguvu iliyomo. Iliyobaki inapotelea kwenye moshi na maji ya kupozea. Mimi siyachomi. Nayageuza kuwa gesi, gesi naipeleka kwenye seli, na seli zinatoa umeme bila moto. Ni kama betri, ila haichajiwi, inalishwa gesi. Napata zaidi ya nusu kutoka kwenye jiwe lilelile!"

"Na gharama?"

"Gharama huulizwa na watu wasiotaka tuendelee." Alicheka peke yake. "Juzi nilikuwa Mikumi na wawekezaji kutoka Dar. Tulikula mchana wote pamoja, waulizeni. Walikuwa waje hapa alasiri wajionee. Ndipo nikapigiwa simu kwamba Elikana kaniulia fundi."

"Siku hiyo hukuingia kwenye chumba cha chujio?"

"Siku hiyo? Hata wiki hiyo sikuingia. Mimi na mabomba wapi na wapi."

Danieli, ambaye hajui kunyamaza mbele ya kitu kinachomshangaza, akauliza, "Pete yako imepatwa na nini, bosi?"

Ashrafu aliinyoosha mbele yao kwa fahari. "Husuda hiyo, kijana wangu. Marehemu babu aliniambia: fedha ikikugeukia nyeusi mkononi, ujue kuna kijicho kilikuwa kinakujia wewe, ikakibeba yenyewe. Wakwe zangu wananiambia niisafishe. Siisafishi ng'o. Wacha maadui waione."

Letisia alichukua karanga, akatafuna polepole. Marehemu baba yake naye alivaa pete ya fedha, na mwaka aliotibiwa upele kwa sabuni ya salfa iligeuka vivi hivi, mama akamfokea kwa kuoga nayo. Aliomba tu kuonana na mhandisi.

Injinia Angela aliwangoja mlangoni pa chumba cha chujio, kofia ngumu kichwani, funguo mkononi. Letisia alikuwa na sababu za kumtilia shaka. Funguo zilikuwa zake. Yeye ndiye aliyeukuta mwili alipotoka kula. Na dereva wa kijiko alikuwa amenong'ona, safari hii kwa maneno yake mwenyewe, kwamba siku moja kabla ya kifo Angela na Jastin walipigiana kelele uwanjani mpaka watu wakatoka kuangalia.

"Mligombania nini?" Letisia aliuliza, hata kabla hawajaingia.

Angela hakukwepa. "Jastin alitaka tuzime mtambo. Nikamwambia ngoja wageni wapite, tutauzima keshokutwa. Alikuwa sahihi. Usiku silali."

"Kwa nini alitaka mzime?"

"Njoo uone."

Lilikuwa jengo la bati, refu, lenye mlango mmoja wa chuma na komeo kwa nje; kufuli lilitiwa usiku tu. Ndani palisimama tangi nene lililofungwa bomba juu na chini. Kando yake bomba jingine lilikwepa tangi zima na kuungana na njia ya seli mbele. Katikati ya bomba hilo palikuwa na koki ya pembeni yenyewe, gurudumu jekundu la kuzungusha kwa mkono.

"Hili tangi ndilo chujio," Angela alisema. "Limejaa punje za zinki. Gesi inayotoka kwenye makaa ina salfa. Inapita hapa, punje zinainasa, gesi safi inakwenda kwenye seli. Salfa ikifika kwenye seli, zinakufa. Na seli ndizo zilizomeza sehemu kubwa ya pesa za mtambo huu."

"Sasa shida ni nini?"

"Makaa. Meneja akikwambia ufanisi ni zaidi ya nusu, hasemi uongo, nimeupima mwenyewe. Uongo uko kwenye gharama. Hesabu ilipigwa kwa makaa masafi. Yanayoshushwa hapa ni ya bei nafuu, salfa tele. Punje zilizopaswa kudumu miezi zinajaa kwa wiki chache. Chujio likijaa, gesi haipiti, seli zinashinda njaa, umeme unashuka. Punje mpya zimeagizwa, hazijafika."

Letisia alinyoosha kidole kwenye gurudumu. "Na ukiipitisha gesi huku pembeni?"

"Umeme unapanda hapohapo. Wageni wanapiga makofi, wanatia saini, wanaondoka. Baadaye seli zinakufa moja moja. Ni kuchinja ng'ombe wa maziwa ili wageni wale nyama."

"Koki hii inafunguliwa kutoka chumba cha uendeshaji?"

"Haiwezekani. Ni ya mkono, lazima usimame hapa. Na haijafunguliwa tangu tujenge, kwa hiyo shingo yake imekauka. Anayeifungua inamtemea gesi mwilini. Gesi hiyo ina sumu isiyo na harufu, pamoja na salfa inayonuka mayai viza. Bila kinyago chenye mtungi wa hewa, humalizi dakika nyingi."

Vinyago vilitundikwa nje, kando ya mlango. Ndoano zilikuwa mbili, kinyago kimoja. Cha pili, Angela alisema, kilikuwa kimepelekwa Morogoro kujazwa hewa. Letisia alikishika kilichobaki, akautazama mshale wa mtungi. Ulikuwa umelala chini kabisa.

"Kilikuwa kimejaa," Angela alisema, sauti ikapungua. "Nilikikagua mwenyewe."

"Jastin alikuwa amekivaa?"

"Hapana. Kilikuwa hapa hapa kwenye ndoano."

Letisia alirudi ndani, akalisimamia gurudumu jekundu. "Ulipoingia, hili lilikuwa wazi kiasi gani?"

"Nusu. Nilimwona toka mlangoni, tukazima mtambo, tukaacha hewa itoke, ndipo nikaingia."

"Mtu akifungua kwa uzembe, anaacha nusu?"

Angela alifikiri. "Hapana. Kuna aliyelifungua lote. Halafu kuna aliyekuwa analifunga, akaishiwa nguvu."

"Aliyelifungua alivaa kinyago, akatoka mzima, akakitundika. Aliyelifunga hakuwa nacho." Letisia alitoa bahasha, akamimina medali kiganjani mwa mhandisi. "Hii ilikuwa nyeupe Jumamosi."

Angela aliigeuza mara moja tu. "Salfa. Fedha na salfa hazikai pamoja. Hewa ya mle siku ile ingeifanya hivi upesi sana."

"Na siku za kawaida?"

"Mabomba yamefungwa, hakuna kinachovuja." Alivuta mkufu wake mwembamba kutoka ndani ya ovaroli, ukametameta. "Huu ni wa fedha. Nashinda hapa kila siku."

Danieli alifungua mdomo, akamtazama bosi wake, akaufunga. Walipofika kwenye gari ndipo kilipomtoka. "Afande, ile pete!"

"Punguza sauti. Pete inaweza kugeuka kwa sabuni ya upele, na wakili wake atasema hivyo kabla sijakaa. Nataka kujua iligeuka lini. Elekea Mikumi."

Hoteli waliyokula wawekezaji ilikuwa kando ya barabara kuu, mahali ambapo nyani wanakaa juu ya ukuta kungoja mabaki na hakuna anayeshangaa. Mhudumu aliitwa Naomi, msichana mwepesi wa miguu na wa maneno.

"Shikamoo afande."

"Marahaba. Juzi uliwahudumia wageni wa Meneja Ashrafu?"

"Mimi mwenyewe. Ndiyo, alikuwepo mchana wote."

"Ulimwona mchana wote?"

"Koti lake lilikuwepo. Kwenye kiti. Na simu yake ilikuwa inachaji pale ukutani. Alisema niache sahani yake, anakwenda kulikwamua lori la makaa lililozama njiani. Wageni walikuwa na bia zao, hata sijui kama waliona. Wali wake ulipoa, nikaufunika."

"Akarudi?"

"Alirudi wakati wageni wanakula matunda. Akala harakaharaka, akacheka nao."

Danieli alisogea. Letisia alimtuliza kwa jicho. "Kabla ya kula uliwanawisha?"

"Lazima! Hapa kwetu hatuweki wageni mezani bila kuwanawisha. Naleta beseni na birika, napita kwa kila mtu. Wakimaliza, tena."

"Ulipomnawisha mara ya kwanza, uliona kitu gani mkononi mwake?"

"Pete. Nikaisifia. Inang'aa, kito chekundu, nikamwambia bosi unapendeza."

"Na mara ya pili?"

Naomi aliangaza huku na huku, akashusha sauti. "Ilikuwa nyeusi, dada. Nilishtuka mpaka maji yakamwagika mezani. Akanicheka. Akasema husuda hiyo, mtoto mzuri, kuna watu hapa hawanipendi. Na alikuwa ananuka kidogo, kama mayai yaliyoharibika, lakini mgeni humwambii hivyo." Akafikiri. "Nimekosea kusema?"

"Hujakosea hata kidogo."

Kulikuwa na jambo moja lililobaki, na Letisia aliliogopa, kwa sababu lingeweza kuvunja yote. Alipiga simu kaunta ya Kilosa, akaomba wafungue mfuko wa vitu vya Elikana: mkanda, kamba za viatu, pete ya ndoa.

"Pete ya nini?" aliuliza.

"Fedha, afande," alijibu askari wa kaunta.

"Rangi?"

"Si fedha? Nyeupe. Inang'aa."

Danieli aligonga usukani. "Na hakuivua kabla, afande! Mimi ndiye niliyemvua siku tuliyomkamata. Kidole kimevimba, tulihangaika na sabuni mpaka akalia. Hiyo pete haijatoka mkononi mwake tangu harusi."

"Si ulisema ni wetu?"

"Nimefuta kauli."

Walimkuta Ashrafu uwanjani, akiwaelekeza vijana wapake rangi mlango wa chumba cha chujio. Letisia aliwasimamisha vijana kwanza.

"Meneja, swali dogo. Pete yako iligeuka lini?"

"Hiyo?" Aliitazama. "Asubuhi ya siku ile ya mkosi. Niliamka tu nikaikuta hivyo, kabla sijatoka nyumbani. Ilikuwa inanionya."

"Naomi wa Mikumi alikunawisha mchana, akaisifia kwa kung'aa."

Ashrafu aliangalia gari lao, akaangalia geti. "Yule msichana anachanganya siku."

"Ulikula pale siku moja tu. Kabla ya wali ilikuwa nyeupe, baada ya wali ikawa nyeusi, na katikati koti lako lilikaa kwenye kiti bila wewe. Kinyago kilikulinda mapafu, Meneja. Kidole hakikuvaa kinyago. Koplo, mpe pingu zake."

"Hamtampata hakimu wa kumfunga mtu kwa pete!" Sauti laini ilikuwa imekwisha. Danieli alikuwa tayari ameshika mkono wake. "Nilifungua koki, ndiyo, mali ni ya kampuni, nina haki! Lakini mle ndani nilimwacha mtu? Hakukuwa na mtu! Aliingia mwenyewe!"

"Hayo utayaeleza kituoni."

Jua lilikuwa bado halijatua walipomtoa Elikana. Mkuu wa upelelezi alitia saini bila kumtazama Letisia usoni, na Letisia alifurahi, alifurahi waziwazi, mpaka akajikuta anatabasamu koridoni kama mtu aliyefaulu mtihani. Irine alikuwa amesimama kaunta. Letisia alimwambia yeye kwanza, kama alivyoomba.

"Si yeye. Hakuingia mle chumbani, na naweza kulithibitisha mbele ya hakimu yeyote."

Irine alifunika uso kwa kanga, akalia kwa sauti, hakujali nani anamwona. Elikana alipotokea, amekonda, viatu bila kamba, alimwendea mbio, akamshika mkono.

"Nilijua," alisema. "Moyo ulikuwa unaniambia. Twende nyumbani, baba Imani. Twende tukamzike Jastin."

Elikana hakusogea.

"Kweli, sikuingia," alisema. Ukiacha lile jibu lake moja, hayo ndiyo maneno yake ya kwanza tangu akamatwe, na aliyasema akitazama sakafu. "Nilikuwa kwenye mita. Dirisha linatazama chumba cha chujio. Niliona meneja anatoka na kinyago, nikaona Jastin anapita mbio kuingia. Meneja akatia komeo. Akaniambia kwenye simu ya upepo nisiondoke kwenye mita, mshale usishuke, wageni wako njiani."

"Baba Imani, basi," Irine alisema.

"Jastin aligonga, Irine. Aliniita. Shemeji, shemeji. Mimi nikashika mita. Alipoacha kugonga ndipo nikaenda kuvuta komeo."

Irine aliendelea kuushika mkono wa mumewe kwa kitambo, kama mtu ambaye hajasikia vizuri, kisha akauachia.